Nyumba ya Mama Ilivyopanguliwa

Mama alikataa katakata nyumba yake ya Mazingara ibomolewe ili tumjengee mpya. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeinama hata kuku wameacha kupita chini yake, lakini yeye alilala humo kwa amani. Kaka yangu alipofika na nyundo kubwa begani, Mama aliitikia shikamoo yake, kisha akaweka kiti mlangoni akakaa.

“Matofali haya baba yenu aliyachoma mwenyewe, Mungu amrehemu. Hamtayabomoa mbele ya macho yangu.”

Kaka akanitazama. Mimi nafundisha Kiingereza sekondari huko Korogwe, na kwetu mwalimu hutarajiwa kuwa na la kusema. Kilichonijia kichwani ni somo nililokuwa nikiliandaa wiki ile, kuhusu kitenzi destroy. Nikavuta kigoda, nikamweleza Mama kwamba Waingereza wana neno lao la kuharibu, asili yake Kilatini. Warumi walikuwa na struere, kupanga kitu juu ya kitu mpaka kiwe jengo. Wakitanguliza de, maana inageuka: destruere, kukitoa kile kilichopangwa.

“Kama sisi tunavyosema panga na pangua,” nikamalizia.

Kaka akanong’ona kwamba amechoka kusubiri Warumi.

“Kwa hiyo hao hawakuanza na nyundo,” Mama akasema.

Warumi walikuwa na nyundo kama sisi, lakini sikuona haja ya kumsahihisha.

“Basi pangueni. Tofali mojamoja. Nyundo irudi kwenye gari.”

Matofali yalishikwa kwa udongo tu, yakatoka bila ugomvi. Kaka alikuwa juu, mimi katikati, Mama akiyapokea na kuyafuta kwa kanga kuukuu. Moja lilikuwa na alama ya kwato za mbuzi aliyelikanyaga kabla halijakauka. Mama akacheka, akatusimulia jinsi baba alivyomkimbiza mbuzi yule mpaka bondeni akapoteza kiatu. Hadithi hiyo hatukuwahi kuisikia, wala sikumbuki lini nilimsikia akimtaja baba huku anacheka.

Nyumba mpya ina vyumba viwili. Matofali hayakutosha, ikabidi tuongeze ya saruji upande wa jikoni. Mama anasema upande huo una joto, na lawama zote anampa kaka.