Mtu wa Kugonga Mlango

Kuna Jumapili moja ya Remera ambayo hainitoki kichwani, mwanangu Jovita, na tangu jana uliponitumia zile picha za vyumba vya kupanga hapa Kigali imenirudia kwa nguvu mpaka siwezi kukaa. Nimeinuka kwenye cherehani, nimeenda dirishani, nimerudi, nimeinuka tena. Maharage yameungua. Umeniandikia: "Shangazi, nichague kipi, cha Kagugu au cha Remera? Nijibu leo, mwenye Kagugu anataka kujua kabla ya jioni. Na usiseme kwako." Hapo kwenye usiseme kwako nilicheka. Kisha nikaacha kucheka, nikaanza kutembeatembea humu ndani.

Mimi nimeishia darasa la saba, na sijui kama nastahili kumshauri mtu aliyesoma kama wewe. Nikikutumia sauti nitazunguka, utaizima katikati, nakujua. Kwa hiyo naandika. Nitajitahidi kumpa kila mtu haki yake, hata mimi mwenyewe, ingawa hilo ndilo linalonishinda zaidi.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba nilipokuja Kigali kutoka kwetu Ngara. Nilikuja peke yangu kama unavyotaka kuja wewe, sina mume, sina simu ya mkononi. Karakana moja ya Remera iliyokuwa ikishona sare za shule ilikuwa imekubali kunijaribu. Tulikuwa wanawake kadhaa kwenye majaribio, na cherehani iliyokuwa wazi ni moja. Jumatatu ya mwisho bosi angechagua wa kubaki. Niliitaka ile cherehani, mwanangu, kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nilishaapa sirudi Ngara kusaidiwa na kaka yangu, ambaye ndiye baba yako, na ambaye kwa haki hakuwahi kunisimanga hata siku moja.

Bibi yako ndiye aliyenipangia pa kufikia: kwa Mama Klementina, hapa Niboye ninapoishi hadi leo. Mama huyo alikuwa Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, akapita Ngara wakati wa misukosuko, akawa jirani yetu. Mwanamke mfupi, Mkatoliki wa kwelikweli, na Kiswahili chake cha Burundi kilikuwa na mwendo wake. Alinipokea vizuri sana. Alinipa kitanda chake, yeye akalala na wajukuu. Naanza na hilo ili nisije nikamwonea kwa haya yanayofuata.

Maana aliuliza, Jovita. Lo! Sijanawa uso, anauliza. "Weye, unapitia barabara gani? Utarudi saa ngapi? Ule mutu alikusindikiza jana, ni wa wapi?" Siku ya pili tu alinishika mkono akanipeleka kwa mkuu wa mudugudu, yaani wa mtaa, na kwa majirani wa pande zote mbili. "Muangalie uso yake vizuri. Huyu analala kwangu." Nilisimama pale kama mbuzi wa mnadani. Halafu jioni moja nikafungua begi langu, nikakuta nguo zangu za ndani zimekunjwa. Mimi huwa sikunji nguo za ndani.

Sikusema kitu. Labda ningesema, mambo mengine yote yangekwenda tofauti. Sijui. Nilichemka tu kimyakimya, na kazini nikamweleza mwenzangu mmoja wa pale karakana. Akaniambia kuna loji safi nyuma ya maduka, si mbali na stendi. "Pale hakuna anayekuuliza kitu, hata jina la kwanza," akasema. Kwa mtu niliyekuwa nimeshiba maswali mpaka puani, maneno hayo yalikuwa asali.

Nikamwambia Mama Klementina nimepata mahali karibu na kazi.

"Panaitwa namna gani?"

"Ni hapo tu Remera, Mama."

"Remera ni kubwa, mutoto wangu."

"Jumapili nitakuja kula hapa," nikasema, nimeshashika begi. Jina la loji sikulitaja. Nilificha makusudi, na nilijisikia mtu mzima.

Sasa niiseme loji kwa haki. Ilikuwa safi. Maji yalitoka, shuka zilinukia jua, komeo la mlango lilikuwa imara, na dada wa mapokezi alikuwa na adabu. Wanawake wengi wamelala pale wakaondoka salama, na sina ubaya nao hata leo. Nilipofunga mlango wangu siku ile nilijitupa kitandani nikacheka peke yangu. Kwenye kitasa kilikuwa kimening'inizwa kibao cha kusema usinisumbue. Nikakitundika nje mara hiyohiyo, kwa furaha tu, kama mtu anayepandisha bendera.

Ijumaa nikarudi kutoka kazini kichwa kinagonga. Nikadhani ni uchovu. Usiku ukapita kwa baridi na kutetemeka, na asubuhi nikawa naungua. Jumamosi hiyo ilikuwa ya umuganda, watu wote wako kwenye kazi za pamoja, maduka yamefungwa, barabara kimya, karakana nayo haikufunguliwa. Kwa hiyo kazini hakuna aliyeona kwamba sipo. Maji ya kwenye jagi yakaisha. Nilisikia ufagio wa mfanyakazi ukija kwenye korido, shwaa, shwaa, ukafika mlangoni kwangu, ukanyamaza. Nikajua amekiona kibao. Nikataka kuita, sauti haikuja. Au niseme ukweli: ilikuja kidogo, nikaona aibu. Ningemwambia nini mtu niliyemkataza kunigongea? Ufagio ukaendelea na mlango wa pili.

Nimekwenda tena dirishani. Umeniandikia "Shangazi??" na alama mbili za kuuliza. Subiri kidogo, mwanangu.

Jumapili Mama Klementina alinipikia ndizi na maharage, akaningoja. Nilikuja kusimuliwa baadaye na mjukuu wake mkubwa kwamba alikataza watu wasile. Chakula kilipopoa akainuka, na nguo zake za misa mwilini, akapanda pikipiki mpaka Remera. Jina la loji hakuwa nalo. Alikuwa na uso wangu tu kichwani. Akaanza mlango mmoja baada ya mwingine: "Mumeona musichana murefu, wa Tanzania, anajibu kwa hasira?" Hilo la hasira ndilo walilonitambua nalo, na sijui kama nicheke au nione haya.

Pale mapokezi wakamkatalia. Nilikuwa nimeamka kidogo, nikawasikia kwenye ngazi. Dada wa mapokezi alisema, "Mama, mgeni ameomba asisumbuliwe. Sisi hatuwezi." Na alikuwa sahihi, Jovita, hilo usilipite haraka. Mwanamke akiwa peke yake, ni vema mlango wake usifunguliwe kwa kila anayekuja kudai ni ndugu. Kanuni ile ilikuwa ya kunilinda.

"Sawa," nikamsikia Mama Klementina akijibu. "Nyie musimusumbue. Mimi nitamusumbua."

Akagonga. Hakugonga kwa adabu. Aligonga kwa kiganja, akiita jina langu na jina la mama yangu na la watakatifu kadhaa. Nikatambaa mpaka kwenye komeo. Sijawahi kuona mlango ukiwa mbali namna ile.

Aliponiona alisema tu, "Yoo." Kisha akageukia yule dada: "Maji! Na mutu wa kunisaidia kubeba!" Na yule dada, kwa haki yake, alikimbia, akaibeba miguu yangu yeye mwenyewe mpaka chini, viatu vyake vikimtoka.

Ilikuwa malaria, imeshapanda. Kwenye zahanati, dripu ikiwa mkononi, nilimwona ameketi kwenye benchi na mkufu wa rozari vidoleni, midomo inatembea. Nikangoja anikaripie. Akaendelea na rozari yake mpaka nikaanza mwenyewe.

"Mama, nisamehe. Nilichoka na maswali."

"Najua ulichoka. Hata mabinti wangu walichoka," akasema. Akasogeza benchi karibu. "Lakini sikiliza. Weye ulifikiri nauliza nipate habari za kupeleka kisimani? Utarudi saa ngapi, nijue saa gani nianze kuogopa. Unapitia wapi, nijue nianzie wapi kutafuta. Leo nimeanzia Remera yote, mutoto wangu. Remera yote, na hii miguu."

Nikalia. Naye akanifuta uso na kitenge chake, akaongeza, "Na ujifunze kujibu watu vizuri. Lakini leo hasira yako imetusaidia."

Habari ya begi hakuigusa siku ile wala siku nyingine, na mimi sikumuuliza mpaka alipofariki. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba alikuwa malaika. Mwanamke aliyenitafuta Remera yote ndiye huyohuyo aliyepekua begi langu, na nimeshindwa kuwatenganisha.

Jumatatu alikwenda karakana kueleza hali yangu nikiwa bado nimelala. Bosi akampa pole, lakini mwingine alikuwa ameshakalia ile cherehani. Na nilikuja kuiona kazi ya huyo aliyeipata: mishono yake ilinyooka kuliko yangu. Huenda hata kama nisingeugua bado ningekosa. Sitajua. Nilirudi Niboye, nikaanza kushona kwenye baraza ya Mama Klementina, kwa mashine ya kuazima, nguo za wale wale majirani aliokuwa amewaonyesha uso wangu. Ndio walikuwa wateja wangu wa kwanza, na baadhi yao ninao hadi leo.

Nina shaka moja ambayo ni lazima niiseme, ili usije ukaona nimekupikia hadithi ya kukuleta kwangu. Mbu yule sijui aliniuma wapi. Malaria haiji siku moja, kwa hiyo huenda aliniuma hukuhuku Niboye, kwa Mama mwenyewe. Loji haikunitia ugonjwa. Isipokuwa kule loji, kama nisingeamka, hakuna aliyekuwa na sababu ya kujua.

Kwa hiyo sasa nikujibu. Kile cha Kagugu nimekitazama, ni kizuri, mapazia yale nimeyatamani. Lakini umesema mwenyewe kwamba mwenye nyumba anaishi mbali, ufunguo unauchukua mwenyewe kwenye kisanduku, geti ni la kwako peke yako. Hakuna atakayekuona ukiingia, wala atakayeona kwamba hukuingia. Mahali hapo ningekukataza hata kama wangekupa bure. Cha Remera sikikatazi. Kiko karibu na mafunzo yako ya saluni, na mama anayekiendesha anaishi palepale. Ila mpigie kwanza kwa sauti, usimwandikie tu, usikie anavyojibu. Fika mchana, utembee kwa miguu kutoka stendi mpaka getini, uone barabara ile ukiwa na macho yako. Ukifika msalimie mtu mmoja kwa jina lake, awe anayefagia au anayekaa getini, umwambie kwa kawaida unarudi saa ngapi. Hupungukiwi kitu. Na mlango wako ufunge kwa komeo, hilo nalo ni haki yako, usimfungulie mtu kwa kuona haya.

Kwangu sisemi. Nimejitazama vizuri kabla ya kuandika hili: mimi nimekuwa Mama Klementina mtupu. Nauliza mno. Na kuna mgeni mmoja, simtaji, ambaye mkono wangu ulifika mpaka kwenye zipu ya begi lake kabla sijaurudisha. Unakimbia kitu cha kweli, sikulaumu. Kitanda nimekitandika, usipokuja nitakitandua mwenyewe bila kununa. Nitajaribu bila kununa.

Ninachokuomba ni kimoja. Usinifiche jina la mahali. Nipe jina, nipe na chumba, na kila jioni nitakuuliza neno moja tu, umefika? Nawe utajibu nimefika. Uko na nani, umekula nini, yule kijana wa kwenye picha ni nani, hayo nitayameza, hata yakinikwama. Lakini hilo moja usiliite maswali ya shangazi. Ni mahali pa kuanzia tu.

Haya, mwanangu, natuma sasa kabla sijainuka tena. Njoo salama, vuka mpaka salama. Mungu akupe hapa Kigali mlango unaofungwa kwa ndani, na akupe mtu atakayeugonga usipoonekana.