Ufunguo wa Pili

Juzi nilipompeleka mwanangu shuleni, wanafunzi walipewa makabati ya kufuli, kila kufuli na funguo mbili, nikaikumbuka Liuli, kwetu ziwani, siku niliyoondoka kwenda shule ya bweni.

Lori la kwenda Mbinga lilikuwa linanguruma. Tranka langu jipya la bweni lilinuka rangi na usipa, dagaa wa ziwa letu. Nililifunga, nikalifungua, nikalifunga tena. Mama akachukua ufunguo mmoja kati ya zile mbili za kufuli lake, akaupigia fundo kwenye pindo la kanga.

"Huo wa nini, mama?"

"Panda gari, mwanangu."

Njia nzima sikutulia. Nilidhani haniamini, kwamba angekuja bwenini kunipekua. Hakuja hata mara moja.

Juzi mwanangu naye akauliza, "Mama, huo ufunguo mwingine wa nini?"

Nilikuwa nimeufumbata, kama mama na fundo lake la kanga, mpaka kiganja kinauma.