Kiti cha Meneja

Watu wa karakana walimwita Msasa kwa sababu ya ulimi wake. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, na ishirini kati ya hiyo aliimaliza kwenye benchi la baba yake seremala, akipiga randa na kuchonga miguu ya viti huku vumbi la mbao likimganda kwenye nyusi. Kaka yake, mzaliwa wa kwanza, aliitwa Meneja. Alichokisimamia hata mwenyewe hakukijua. Kila siku alikuja saa nne na suruali yake ya mkunjo, akasimama mlangoni asije akachafuka, akauliza kazi inaendaje, kisha akaondoka kabla hajajibiwa. Mtu mzima ovyo.

Baba alipofariki, wosia ulisomwa ofisini kwa wakili, mbele yao wawili na baba yao mdogo. Karakana na kiwanja chake apewe mwana wa kiume, mradi ndani ya mwaka mmoja atengeneze kiti kwa mikono yake mwenyewe, na baba mdogo akikalie mbele ya wakili. Akishindwa, vyote viwe vya dada yake.

Damu ilimchemka Msasa. Miaka ishirini ya jasho, halafu anatajwa mwishoni kama tairi la akiba! Akauliza kama maiti anaruhusiwa kuwapangia walio hai namna hiyo. Wakili, mtu mkavu aliyefuta miwani kwa ncha ya tai, akasema inaruhusiwa, mradi sharti liwe wazi, liwezekane, na lisivunje sheria. Mzee alitaka pia kumzuia binti kuolewa mpaka afike miaka hamsini, ili benchi lisikose mtu. Hilo wakili alimshauri alifute, maana mahakama ingelitupa.

Msasa akacheka kwa pua. "Kumbe baba alinijali," akasema. "Kama msumeno wake."

Meneja hakusikia. Alikuwa na mnunuzi tayari, na huyo mnunuzi alikwishapima kiwanja kwa hatua, akisema karakana ibomolewe, paoshwe magari. Kilichobaki ni kiti tu. Kiti ni kitu gani? Miguu minne na pa kukalia.

Mwezi wa pili alinunua ovaroli mpya. Mwezi wa tano aliivaa. Alikata miguu minne kwa kukadiria kwa macho, ikatoka minne kweli, kila mmoja na urefu wake, na alipofupisha mrefu ili ulingane na wenzake, ukawa mfupi kuliko wote. Mtoto wa nyoka ni nyoka, wanasema. Aliyesema hivyo hakumwona mtoto wa seremala huyu. Mwezi wa kumi akaja kwa dada yake na sauti ya asali.

"Dada, nitengenezee wewe. Nani atajua?"

"Mimi," akajibu Msasa, akaendelea kupiga randa.

Siku ya mwisho ya mwaka Meneja akaingia karakana na kiti kilichofunikwa blanketi, wakili na baba mdogo nyuma yake. Kilikuwa kiti hasa, miguu imenyooka, vanishi inang'aa. Baba mdogo, mtu mzito asiyeamini viti vya watu, akaketi polepole. Hakikulia. Wakili akatoa kalamu.

Msasa alitazama patasi zake ukutani, kila moja kwenye msumari wake, akajiona akizifunga kwenye gunia. Halafu macho yake yakaangukia mgongo wa kile kiti, kwenye mpindo wake wa juu, akautambua mkono wake mwenyewe.

"Baba mdogo, naomba uinuke kidogo."

Akakipindua. Chini ya kikalio palikuwa na chale tatu za patasi na moja ya kukatiza. Kila kiti cha karakana ile kilitoka na chale tatu. Ya nne aliiongeza Msasa tangu ujana wake, kazi yake isichanganyike na ya baba. Duka la barabara kuu lilichukua viti vyake sita kila mwezi, na huko ndiko Meneja alikokipata hiki. Meneja alilelewa na viti, akasomeshwa na viti, na katika miaka arobaini na mitatu hakuwahi kupindua hata kimoja akaona chini pakoje.

Akaanza kusema kwamba pengine mbao huota mikwaruzo hiyo zenyewe.

"Njia ya mwongo ni fupi," baba mdogo akasema, akitazama mlangoni kwa aibu. Wakili akaandika kwamba sharti halikutimizwa.

Msasa hakumshukuru baba yake hata siku hiyo. Alikisimamisha kiti mbele ya kaka yake.

"Umekinunua, ni chako," akasema. "Kakikalie nje. Humu watu wanafanya kazi."

Meneja akakibeba akatoka. Alikishika kwa mgongo, vile wanavyoshika wasiojua viti, na njia nzima kikawa kinamgonga magoti.