Boksi la Odilia Lilivyofika Mikumi Bila Yeye

Saa moja na nusu asubuhi, Odilia Mwegoha anatoa beringi kwenye boksi lake, anaisogeza sikioni na kuizungusha kwa kidole gumba. Anasikiliza. Ng'ambo ya kaunta, Shamimu, mwenye mashine ya kusaga kule Rudewa, anasubiri bila haraka. Odilia akisharidhika anashika mkasi, analikata boksi tupu vipande vinne mteja akiona, kisha anavitia mfukoni. Atavichoma mwenyewe.

Ukimshangaa, atakwambia umshangae tu, hana neno.

Huu ni mwaka wake wa kumi na sita akisambaza kompyuta na vipuri vya mashine mjini Kilosa: mota, mikanda, beringi, wino wa printa. Duka alilianzisha na marehemu mumewe. Sasa analiendesha na shemeji yake, Amon, mdogo wa marehemu, fundi asiye na maneno mengi, ambaye kwa miaka minane ndiye aliyekuwa akifungua na kufunga milango.

Kabla ya kukubali mazungumzo haya, Odilia alikikagua kitambulisho cha mwandishi mbele na nyuma, akampigia simu mhariri kuhakikisha. Siku hizi ndivyo alivyo.

Biashara yenyewe imebana. Walimu waliokuwa wakinunua kompyuta kwake sasa wanaagiza zilizotumika kupitia simu. Fundi naye anapiga kipuri picha, anaituma Kariakoo, na basi linamletea. Msimu wa mavuno Odilia aliwahi kuuza beringi kumi na mbili kwa siku. Msimu uliopita zilikuwa nne, zikizidi sana tano.

"Hayo ni mashindano, nayakubali," anasema. "Anayeweza kuuza rahisi kuliko mimi, auze. Kilichonikosesha usingizi ni kingine."

Mwezi wa tano Shamimu aliingia dukani amefura. Alibwaga kwenye kaunta beringi iliyopasuka, na boksi lake. Ilikuwa imekaa siku tisa tu, ikavunjika na kuharibu shafti ya mashine. Fundi wake aliinunua Mikumi kwa shilingi elfu kumi na tano, wakati kwa Odilia ni thelathini na nane. Alidhani amepata bahati, maana juu ya boksi palikuwa na mwandiko wa Odilia: tarehe, na herufi ya O yenye mkia, kwa kalamu ya wino mzito.

"Kainunua kwenye tawi lako," Shamimu alimwambia.

Odilia hakuwa na tawi Mikumi wala popote.

Akahesabu mzigo mara tatu. Haikupungua hata beringi moja, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi zaidi. Mwizi asiyeacha pengo, alijiambia, ni mtu wa ndani. Na wa ndani walikuwa wawili tu.

"Nilimwambia, shemeji, nipe funguo. Shamimu alikuwa amesimama pale pale," anasimulia Odilia. Amon hakuuliza sababu. Aliziweka kwenye kaunta, akaendelea na kazi. Ila tangu siku hiyo hakula tena chakula cha mchana pale dukani.

Wiki iliyofuata Odilia alijitanda khanga kichwani kama mteja wa kawaida, akaenda Mikumi. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, karibu na barabara kuu. Rafuni alikuta maboksi yake yamepangwa vizuri, kila moja na O yake. Muuzaji akainuka na kumwamkia shikamoo kwa adabu zote, kabla hajamtazama usoni.

Odilia alimjua. Ndiye kijana nadhifu aliyekuwa akipita dukani kwake kila Ijumaa kwa mwaka mzima, akijitambulisha kuwa mwalimu wa chekechea, akiomba maboksi matupu ya kutengenezea zana za kufundishia. Mafundi wengi huchukua beringi na kuliacha boksi kwenye kaunta. Odilia alikuwa akimwekea, tena akiyafuta vumbi, asijue yangejazwa beringi bandia.

"Nikaitikia marahaba," anasema, na hapo anacheka kidogo. "Mdomo ulitangulia. Nilitamani niirudishe ile marahaba."

Aliporudi na askari siku ya tatu, chumba kilikuwa kitupu.

Radhi alimwomba Amon mbele ya Shamimu, kwa kuwa ndipo alipomvunjia heshima. Amon akasema yameisha. Lakini alipopewa funguo, alimwambia akae nazo tu.

Sasa Odilia amekipanga chumba kile kile cha Mikumi. Mwezi ujao kitafunguliwa kuwa tawi la kweli, na anataka Amon alisimamie peke yake. Ufunguo wa tawi umening'inia kwenye msumari nyuma ya kaunta, wiki ya tatu hii. Kila jioni Amon anatundika koti lake la kazi juu yake.

Je, atauchukua? Amon anaendelea kufuta grisi vidoleni, kidole baada ya kidole.

"Muulize shemeji," anasema, "kama ameacha kuhesabu mzigo nikitoka kwenda kula."

Shamimu anajifanya anasoma maandishi ya mkanda. Odilia anaufunga mkasi, anaufungua.

"Sijaacha," anasema mwisho. "Ila jana sikuhesabu. Na leo nataka nijaribu tena."