Fundi Mangasi Aenda Kuposa

Mangasi, fundi wetu wa kuziba pancha, hajui kunong'ona. Kwao Toba watu huitana kama wamesimama ng'ambo mbili za ziwa. Hapa kwetu Solo, Indonesia hii hii, hata mwenye njaa huomba wali kwa kuzungusha maneno. Akifika kibandani kwangu husema, "Leta kahawa!" nami moyo hunilipuka. Kisha anatabasamu, hasira zinaniisha. Mtu mzuri sana, tatizo koo.

Sasa alimpenda Wuryani, mshonaji wa jirani, na Wuryani akampenda. Lakini baba mtu, Pak Sukirno, yaani Mzee Sukirno, huongea kwa sauti isiyomwamsha hata paka. Siku moja Mangasi alimkuta njiani akamwuliza, "Mzee, binti yako ana mchumba?" Mzee akageuka, akarudi kwake, akafunga mlango.

"Simpi binti yangu mtu anayefoka," akamwambia Wuryani.

Wuryani akaanza kumfundisha, hapo hapo kibandani kwangu.

"Usianze na 'leta'. Anza na tolong, ndiyo tafadhali yetu."

"Tolong, leta kahawa!"

"Taratibu, kaka! Unaomba, hupigi mnada."

"Tolong, mama, naomba kahawa."

Nilimpa kahawa na ndizi ya kukaanga juu yake, kwa furaha.

Jumapili jioni akavaa batiki ya kuazima, akaenda kwa Pak Sukirno peke yake. Kwetu hodi hupigwa kwa sauti ya chini, na maneno yake alikuwa ameyakariri. Alipofika getini, woga ukayafuta yote, likabaki moja tu.

"Tolong!"

Jamani, neno hilo ukilitanguliza kwenye ombi ni adabu tupu. Ukilipigia kelele peke yake, maana yake nakufa, nisaidieni! Alipoona kimya, akaongeza sauti.

"Toloooong!"

Mtu akagonga ile mbao ya mtaa ya kuitia watu kukiwa na hatari. Tukatoka mbio na mifagio, na ndoo za maji, mimi na mwiko wangu.

"Mwizi yuko wapi?" akafoka Pak Tarno, mkuu wetu wa mtaa.

"Hakuna mwizi," akasema Mangasi, jasho likimtoka. "Nimekuja kuposa."

Tulicheka hadi mbavu zikauma. Pak Sukirno akatokea barazani, hacheki. Akasema kwa sauti yake ile, tukanyamaza ili tumsikie.

"Kijana, binti haombwi na mtu mmoja. Anaombwa na wazee wa mwanamume. Wa kwako wako wapi?"

Mangasi akainamisha kichwa. Ndipo nikamsikia akiongea polepole kwa mara ya kwanza.

"Wamefariki, baba. Hapa sina mtu."

Niliumia. Wuryani, nyuma ya baba yake, alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Pak Tarno akatua ndoo yake, akaenda kusimama kando ya Mangasi. Nikamfuata. Wengine nao wakaja, mmoja mmoja, hadi sote tukawa upande wake.

"Tolong, Pak Sukirno," akasema Pak Tarno. "Wazee wake ndio sisi. Tumekuja kumwomba binti."

Mzee akatutazama, mifagio na ndoo zetu.

"Wuryani," akasema, "weka maji ya chai. Wakwe wamekuja wengi."