Maktaba Iliyofika kwa Lori

Mdogo wangu anayenifuata alirudi Malaba na cheti cha kompyuta wakati ambapo kompyuta za mji mzima ungeweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Watu walimpongeza, kisha wakamuuliza atakitumia wapi. Mimi sikuuliza. Nilikuwa nimeacha shule darasa la saba, mwaka tuliomzika mama miezi michache baada ya baba, na cheti kile nilikikunja ndani ya kitambaa kana kwamba ni changu.

Siku ya matanga ndugu za baba walikuwa wamekaa kutugawa. Huyu aende Amukura, wale watatu Busia, mimi nitafutiwe bwana. Nilikataa. Nilisema tutabaki watano chini ya paa moja, na nikaanza kuuza chai na chapati kwa madereva wa malori wanaongoja kuvuka kwenda Uganda. Foleni ile ndiyo iliyotulea. Sasa yule wa pili alikuwa mkubwa, na shangazi wa Nairobi alikuwa ameshasema: kama kazi haipatikani huko, aje huku. Nilijua akienda yeye, wa tatu atamfuata, na nyumba itakuwa imegawanyika bila kikao.

Kulikuwa na mzee mmoja mwenye ofisi ya kushughulikia karatasi za mizigo mpakani. Alikuwa na kompyuta aliyoitumia kama taipureta. Mdogo wangu alimwendea.

"Unajua hii kitu?" mzee akamuuliza.

"Najua, boss."

"Basi nataka fomu zangu zitoke na nembo ya ofisi juu, picha kabisa, si maneno tu. Nakupa wiki mbili. Ijumaa ile ingine ikichapa, kazi ni yako. Ikikataa, kuna kijana wa Busia anakuja na mashine yake."

Mashine ya mzee ilikuwa na Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, ambayo mtu alimwekea bure kutoka kwenye CD na kumwachia CD yenyewe. Mdogo wangu alifurahi, kwa sababu ndiyo aliyofundishwa. Alikuwa na programu ya kuchapa picha aliyotoka nayo chuoni, lakini ilikuja mbichi: maandishi matupu ambayo mashine yenyewe ingepaswa kuyageuza yawe programu. Alipoiandaa, ikakataa. Ilitaka maktaba.

"Maktaba ya vitabu?" nikamuuliza. Nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni langu la chapati.

"Hapana, dada. Ni kazi ambayo wengine wameshaiandika. Programu inaiazima badala ya kuianza upya. Hii inataka maktaba ya kusoma picha, na iliyo kwenye CD ya mzee ni ya zamani."

Alipiga simu kwa rafiki yake aliyebaki chuoni Nairobi. Mtandao haukuwepo Malaba, kwa hiyo njia ilikuwa ile inayotumiwa na kila mtu kwa dawa, barua na viatu vya shule: mpe dereva. Nilimtajia dereva mmoja mteja wangu, na siku ya tatu disketi ikafika ndani ya gazeti.

Mdogo wangu aliifungua, akaandika amri, mistari ikapita, ikasimama. Nilimwona akisoma polepole.

"Hii maktaba nayo inategemea maktaba nyingine," akasema. "Ya kubana na kukunjua data. Bila hiyo haijengeki."

"Na hiyo nyingine ina mama yake pia?"

Akacheka. "Hiyo imejisimamia. Ndiyo tunaanza nayo, kisha ya picha, kisha programu."

Simu tena, dereva mwingine. Huyu alikuwa mtu mwangalifu. Alinikabidhi disketi kwa mikono miwili.

"Mama Chapati, mzigo wako umesafiri kama pasipoti yangu. Nimeuweka mahali pa heshima, juu ya spika ya redio. Hapo hapaguswi na mtu."

Madereva wote waliweka vitu vyao vya maana pale, juu ya sanduku la spika nyuma ya kiti, maana hapalowi wala hapana vumbi. Nilimshukuru, nikampa chapati ya ziada. Ofisini mashine ilinguruma, ikasema disketi haina kitu. Mdogo wangu akaniuliza ilisafiri wapi. Nilipomwambia, alifumba macho kidogo.

"Ndani ya spika kuna sumaku," akasema. "Imefuta yote."

Mimi ningelia. Ningemfuata yule dereva nikamtukana kutoka kichwa cha lori hadi mkia. Yeye aliivuta karatasi yake, akaandika hesabu ya siku zilizobaki, akasema, "Zinatosha kama disketi zitapita mbili kwa watu wawili." Safari hii kwenye simu nilichukua mkonga mimi. Nilimwambia rafiki yake anakili disketi mbili, awape madereva wawili niliowataja, na kila mmoja aiweke yake mfuko wa shati, kifuani.

Ijumaa ilifika na disketi haijafika. Asubuhi habari ikaja kwa njia ya foleni, dereva akimwambia dereva aliye mbele yake, mpaka ikanifikia mimi: mmoja wa watu wangu yuko mkiani, karibu na Amagoro, na malori hayasogei. Nilipanda boda boda, baiskeli ya mwanamume mwenye miguu kama chuma. Tuliyapita malori moja moja huku madereva wakinipigia kelele, "Mama Chapati leo anatukimbia!" Dereva wangu alikuwa amelala chini ya trela. Alilifungua shati, akanipa disketi ikiwa na joto la mwili wake.

Nilirudi saa nne. Mdogo wangu alijenga maktaba ya kubana, ikaingia. Akajenga ya picha. Skrini ikajaa makosa, kama kurasa mbili.

"Imekufa," nikasema.

"Usisome yote. Kosa la kwanza ndilo kosa. Mengine yanalia kwa sababu ya hilo."

Akapandisha juu mpaka la kwanza, akalitazama, akarekebisha kwenye faili anwani moja ya mahali maktaba ya kubana ilipo, akaamuru tena. Ikapita. Kisha programu yenyewe. Nilitoka na beseni, nikauza, nikarudi limeisha, na mashine bado inasaga. Sijaona mtu wa umri ule anayeweza kukaa mbele ya kitu kisichomjibu, bila kukigonga, bila kukitukana.

Saa tisa mzee akaingia na wateja wawili. "Haya, mwalimu. Tuone nembo."

Mdogo wangu akaiita programu. Ikajibu kwa mstari mmoja: maktaba ya picha haikuonekana.

"Si umesema umeijenga?" mzee akauliza. Mteja mmoja akacheka. "Mzee, huyo wa Busia yuko wapi?"

Nilishika fremu ya mlango. Yeye hakugeuka. "Imejengwa, boss. Iko ndani. Mashine haijaambiwa mahali ilipo." Akafungua faili moja dogo, akaongeza mstari mmoja unaotaja saraka, yaani folda, tulimoiweka, akaandika amri fupi, akasubiri. Akaiita programu mara ya pili.

Printa ikaanza kukwaruza. Karatasi ikatoka taratibu, nembo kwanza: lori na mizani, imeegemea kushoto kidogo lakini nzima, kila mstari mahali pake. Mzee aliinua karatasi dirishani. Aliiangalia muda mrefu kuliko nilivyotaka.

"Hii mizani yangu imepinda."

"Nitainyoosha Jumatatu, boss."

"Jumatatu saa mbili," mzee akasema. "Si saa mbili na nusu."

Nimeishi na watu wengi wenye bidii, na mimi mwenyewe si mvivu. Lakini uvumilivu wangu ni wa kubeba. Wake ulikuwa wa kufungua kitu, kukuta kingine ndani yake kinachokosekana, kukitafuta, na kurudi palepale bila kuchoka. Jumatatu alivaa sketi yangu ya kanisani kwa sababu hakuwa na ya ofisi. Wadogo walimsindikiza hadi lami. Jioni alirudi, tukala sote watano, na hakuna aliyetaja Nairobi.