Teke Nililoipiga Ndoo ya Shangazi

Nilipiga teke ndoo ya shangazi yangu mbele ya wateja wake. Msamaha sijaomba mpaka leo.

Wala sitaomba.

Kaeni niwape mkanda mzima.

Shangazi ana karakana. Konokono wa baharini wanaletwa wakiwa hai, anawachemsha, anasugua magamba, anatengeneza mikufu na taa. Mimi nina stashahada ya viumbe wa bahari. Pale kazini wananiita Diploma, na si kwa kunisifia.

Siku hiyo anachambua mzigo kwa mikono mitupu. Nikaona gamba lenye umbo la pia ya watoto, lile linalotisha.

"Shangazi, weka chini! Huyo ni koni! Anachoma, sumu yake inaua mtu!"

Karakana nzima ikageuka kunitazama.

Shangazi akamgeuza taratibu. "Diploma, sogea. Unaona hiki kishimo ukingoni? Hapa ndipo anapotolea jicho. Koni hana. Huyu mpole kama mkwe mpya."

Na jicho likatoka kweli. Likanitazama!

Walicheka mpaka fundi wa taa akakaa chini. "Dada, rudisha cheti cha watu!" akasema.

Uso ulinishuka.

Shangazi, bado anacheka, akapeleka mkono ndooni bila kuangalia. Nami nikachungulia. Alikuwepo mwingine, umbo lilelile. Ila gamba lake limechorwa kama wavu, na ukingo umenyooka kama rula.

"Shangazi, toa mkono!"

"Umeanza tena?"

"Toa mkono!"

"Mwanangu, kwa leo umetuchekesha vya kutosha."

Mkono ukazidi kushuka.

Nikaipiga teke ndoo. Maji, konokono, kila kitu sakafuni. Mteja mmoja akapanda juu ya kiti.

"Toka kwenye karakana yangu! Toka!"

"Natoka. Mwangalie kwanza huyo hapo, halafu nifukuze."

Akainama kwa hasira. Akatafuta kishimo upande huu. Akatafuta upande ule.

Hakikuwepo.

Shangazi akarudisha mkono kifuani, akaushika kwa ule mwingine. Fundi wa taa akarudi nyuma hatua mbili.

"Leta koleo," shangazi akasema polepole. Kisha, maana mdomo wake haukubali kushindwa: "Lakini yule wa kwanza ulikosea."

"Nilikosea. Na kesho nikimwona anayefanana naye, nitapiga kelele tena."

Dada zangu, ukikosea mara moja, kuna watu wanasubiri unyamaze maisha yako yote.

Usiwape raha hiyo.